Aliyeandika Habari ya Nyamafu

Ikiwa toleo la wiki jana ulilipata dukani likiwa limefungia omena, na kipande changu kikaangukia upande wa mafuta, usijali. Nitakurudisha njiani kwa maneno machache, kisha tuendelee na aibu yangu.

Naitwa Chrispinus. Ni mwalimu wa uanahabari katika chuo kimoja hapa Kakamega, ambacho sitakitaja kwa sababu ya woga, wala si heshima. Wanafunzi wangu wananijua kwa jambo moja tu, simu. Kila muhula nawaambia kwamba habari ya mtu haiandikwi mpaka mtu mwenyewe apigiwe na kuulizwa. Nimelisema hilo kwa miaka kumi na mitano, hadi limekuwa wimbo wa kunikejeli bwenini.

Nje ya darasa nina ukurasa mtandaoni unaoitwa Jicho la Lurambe. Hakuna ajuaye kwamba ni wangu. Una wafuasi elfu tisini, na sidhani kuna hata mmoja kati yao ambaye ningemwazima jembe. Wanasoma kichwa cha habari, wanatukana, wanasambaza, wanalala.

Mwezi wa Machi mmoja wao alinitumia picha ya wanaume wanne wakiburuta ng'ombe mfu nyuma ya hoteli ya Mwanasha, kule Mumias. Siku hiyo hiyo hoteli ilikuwa ikipika chakula cha harusi. Sikuuliza chochote. Kesho yake niliandika kwamba Mwanasha amewalisha watu wa harusi nyamafu.

Kwa Waislamu wa Mumias hilo si kosa la mapishi. Mnyama aliyejifia ni haramu, na anayekulisha haramu kwa makusudi amekuchezea wewe, wazazi wako na swala yako.

Ukweli ni kwamba ng'ombe yule alijinyonga kwa kamba yake alfajiri. Mwanasha aliamuru azikwe kwenye shamba la miwa, akatafuta mwingine, naye huyo akachinjwa mbele ya mashahidi ndipo sufuria zikapanda motoni. Nililijua hilo siku ya tatu. Siku ya tatu habari ilikuwa imesambazwa mara elfu kumi na moja, na mimi sijawahi kusomwa hivyo tangu nizaliwe. Nikaiacha. Tangu hapo Mwanasha hufungua hoteli yake kila asubuhi, hupika, na jioni hula mwenyewe.

Rafiki mmoja ameniuliza kwa nini naungama gazetini. Nimemwambia kwamba siku hizi ukitaka kuficha siri, ichapishe kwenye karatasi.

Sasa twende kwa Nabwire.

Nabwire ni msichana wa Butere, mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili. Ni mpole, hazungumzi ovyo, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani upole ni uvivu. Aliponiletea mada ya utafiti wake, "Nani Huandika Habari Zisizo na Jina", niliitia sahihi bila kuisoma mara mbili.

Nilijua angefanya wanachofanya wote. Angewauliza wanafunzi mia mbili kama wanaamini wanayoyasoma kwenye simu, angechora duara lenye rangi nne, na tungempa digrii yake. Ndiyo elimu ya habari tuliyobaki nayo. Zamani tulimfundisha mwanafunzi kwenda kortini na kukaa kwenye benchi mpaka kesi iitwe. Sasa tunamfundisha kuhesabu vidole gumba vilivyobonyezwa na watu waliolala.

Mkuu wa idara yetu, Oliver, ndiye nabii wa mambo hayo. Ana miaka thelathini na sita na hajawahi kunyeshewa kwa ajili ya habari. Muhula wake wa kwanza tu aling'oa kibao cha "Uanahabari" mlangoni akabandika "Maudhui ya Kidijitali", kana kwamba tunauza mitungi na kilichomo si hoja. Niliwahi kumfundisha mwenyewe. Ni kosa langu la kwanza.

Lakini Oliver huyo huyo aliupenda ukurasa wangu. Kila wiki aliwaonyesha wanafunzi habari kutoka Jicho la Lurambe na kuwaambia hapo ndipo dunia inakoelekea. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma ya darasa, mikono kifuani, uso umekunjamana kwa dharau, na moyoni nashangilia. Mtu niliyemdharau kuliko wote alikuwa akinisifu bila kujua, na nilizila sifa zake zote bila kubakiza.

Basi Jumatatu asubuhi Nabwire akaingia ofisini kwangu na faili nene na makasi.

Aliniambia kwamba amechapisha kwenye karatasi habari zote za Jicho la Lurambe, mia tatu na kumi na mbili. Nikamwuliza makasi ni ya nini. Akasema alikuwa akizikata kutoka chini.

"Wewe ndiye ulitufundisha, Mwalimu," alisema. "Ulisema zamani mhariri wa Nairobi akikosa nafasi anakatanga habari kutoka chini, hana wakati wa kusoma. Kwa hivyo nyinyi mliweka maneno ya maana juu, na chini mnaweka mkia wa kukatwa."

Ni kweli, nilipokuwa ripota tuliuita mkia. Kila mwandishi wa mikoani aliujua. Unaandika kwamba mtu ameuawa, nani, wapi, lini, kisha unamalizia kwa umbali wa kijiji kutoka mjini na mwaka shule ilipojengwa. Mhariri akikata, habari haitoki damu.

Nabwire akaendelea, na kila alivyoendelea ndivyo shingo yangu ilivyoingia ndani ya kola. Alisema vijana wa mtandaoni hufanya kinyume. Wao huficha jambo lenyewe chini kabisa, ili msomaji ateremke na matangazo yampite machoni. Alikuwa amezikata habari za kurasa tisa za Kakamega, na kurasa nane zote ukikata chini unabaki huna kitu. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na mikia.

Alinisogezea karatasi ya Mwanasha. Sentensi ya mwisho aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu: Mji wa Mumias uko takriban kilomita thelathini kutoka Kakamega na unajulikana kwa kilimo cha miwa.

"Sasa, Mwalimu," aliuliza kwa upole wake ule, "nani anaambianga watu wa Kakamega mahali Mumias iko?"

Vidole vyangu ndivyo vilivyoandika hayo. Nilikuwa nimekaa na simu yangu, namharibia mwanamke maisha, na vidole bado vinamwandikia mhariri ambaye gazeti lilimstaafisha zamani. Niliona aibu kubwa sana. Na haikuwa aibu ya uongo nilioutunga. Ilikuwa aibu ya kunaswa kwa kazi niliyoifanya vizuri.

Nilijaribu kumzamisha. Nikamwambia njia hiyo ya makasi haitambuliki, haina mtaalamu yeyote aliyeiandika, na Oliver hataikubali. Akanijibu kwamba amekwisha kumwonyesha Oliver, ameipenda, na amempangia siku ya kuiwasilisha mbele ya chuo kizima.

Niliuma meno. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Oliver alikuwa ametambua kazi nzuri, na alichagua wakati huo.

"Mwenye ukurasa ni mtu aliandikia magazeti zamani na bado anaishi hapa," Nabwire alisema. "Nilitafuta wote. Walikuwa saba. Watatu walikufa, wawili walihama. Nimebaki na wawili."

Nikamwuliza ni nani.

"Wewe na mzee Cleophas."

Kisha akacheka. Akaniambia nisiogope, mimi alinikata siku ya kwanza kabisa. "Wewe unapiganga simu, Mwalimu. Huyu wa ukurasa hakupiga. Mwanasha mwenyewe aliniambia mwandishi hakumwuliza kitu."

Nilijisikia kama mwizi aliyeombwa awashikie wanakijiji tochi wakimtafuta mwizi. Nilifurahi, nawaambia bila kuficha. Na nikachukia kidogo pia, kwamba katika mji mzima huu msichana mmoja ndiye aliyeamini mahubiri yangu, na akawa ndiye anayechunguza.

Ningeweza kusema neno hapo. Nilitazama nje, nikasema mvua inakuja.

Nabwire akanieleza kwamba ameshafika Mumias mara mbili, bila kumtajia Mwanasha jina lolote. Mwanasha hataki kesi na hataki fidia. Anataka jambo moja: aliyeandika aje Ijumaa, watu wakitoka kuswali, akae barazani pa hoteli ale nyama yake mbele yao, halafu aseme kwa mdomo wake alichofanya. Hilo tu. Watu wakiliona, wataanza kula tena. Wasipoliona, mwisho wa mwezi anafunga na kurudi kwao Matungu.

"Uliniambia mtu apewe nafasi ya kujibu kabla hajatajwa," Nabwire alisema. "Nataka mzee Cleophas aende ajibu. Lakini mimi simfahamu. Wewe ni rafiki yake. Umlete, tafadhali."

Nikasema nitamleta.

Lazima niwaambie Cleophas ni nani, ili mnidharau kwa kipimo sahihi.

Cleophas ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili niliyejiona nimeshaiva, yeye alikuwa ripota wa Kakamega nzima mpaka Lugari, kwa baiskeli. Alinifundisha kuandika, kuuliza, kungoja, na kuweka mkia. Habari yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na jina langu kwa sababu yeye aliondoa lake.

Miaka michache iliyopita gazeti lilimwacha kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Mwandishi mwingine angekunja virago. Cleophas alinunua rimu ya karatasi. Tangu hapo huandika habari zake kwa mkono na kuzibandika kwenye ubao nje ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi, karibu na kwake, njia ya Shinyalu. Watu wakingoja unga wao wanasoma. Fahali gani alishinda pambano la Jumamosi, nani amefariki, chifu amesema nini, bei ya mahindi Mautuma.

Mimi nilimcheka. Niliwahi kuwaambia walimu wenzangu kwamba Cleophas ana wasomaji arobaini na kuku sita. Walicheka nao.

Jumatano nikaenda kwake. Njiani nilikuwa nimejiapiza kwamba nitamwambia ukweli, nimwombe msamaha, na Ijumaa nitakwenda Mumias mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika langoni nilikuwa nayo bado.

Aliponiona alifurahi kupita kiasi. Akamwita mke wake, Maurine, akamwambia mgeni wa maana amekuja, na kabla sijakaa sawasawa nikasikia jogoo anakimbizwa nyuma ya nyumba. Mwenye kuijua nchi hii anajua maana yake. Ukichinjiwa ingokho huondoki, na huwezi kusema jambo baya kabla hujala.

Tukazungumza. Akaniuliza habari za chuo, nikaponda, akacheka. Aliniambia magoti yanamsumbua lakini ubao haujawahi kukaa wiki moja bila habari.

"Gazeti iliniacha, Chrispinus," alisema. "Mimi sikuacha. Mtu akiamka asubuhi hajui kitu, huyo ni mtu anadanganywanga mpaka jioni."

Obusuma, ugali wetu, ukaletwa, na kuku. Maurine akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akimpa mgeni, amempa kiti chake. Niliitazama ile firigisi. Nilitaka kuirudisha, lakini kurudisha ni tusi.

Nikaila.

Baada ya hapo maneno niliyopanga yaliniisha. Nilimwambia kwamba kuna mwanafunzi wangu anaandika kuhusu wanahabari wa zamani, na angependa kumhoji Ijumaa kule Mumias. Nikasema ni heshima kubwa. Nikasema nitampitia na teksi.

Mzee akafuta macho kwa kiganja. Akasema hakujua kwamba kuna mtu bado anataka kumwuliza kitu. Akamwambia Maurine atoe lile koti la kijivu liangikwe nje lipigwe jua.

Nikiwa natoka, akanishika mkono. Alisema kuna jambo limemsumbua tangu Machi, ile habari ya nyamafu. "Mwenye kuiandika alifunzwa vizuri," alisema. "Niliisoma kwa simu ya Maurine, nikaona aibu, kama ni mimi nilimfunza." Alijua au hakujua, sijui mpaka leo. Nilimwambia vijana wa siku hizi hawana adabu, nikaenda zangu.

Mtu mwenye moyo angelala vibaya siku hiyo. Mimi nililala vizuri. Nilijiambia kwamba mzee atakana, Nabwire hataamini, watazozana, jambo litakufa. Na kama halitakufa, Cleophas ana nini cha kupoteza? Ubao wa posho mill. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na siwezi kupamba.

Ijumaa ikafika. Cleophas alivaa koti lake la kijivu na tai niliyomwona nayo mara ya mwisho kwenye mazishi ya askofu mmoja. Mfukoni alikuwa na kalamu mbili, moja ya akiba. Njia nzima alinieleza mambo atakayomwambia mwanafunzi wangu, akiyahesabu kwa vidole asisahau.

Hoteli ya Mwanasha iko hatua chache kutoka msikitini. Ni safi, madirisha ya buluu, meza kumi na mbili, na hakukuwa na mtu. Meza moja ilikuwa imetolewa nje barazani na kufunikwa kwa kitambaa cheupe. Juu yake kulikuwa na sahani moja ya nyama na wali, imefunikwa kwa sahani nyingine. Nabwire alikuwa amesimama kando na daftari lake.

Swala ilikuwa inatoka. Watu walianza kujaa barabarani, na kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba leo kuna jambo, hawakwenda zao. Vijana wakainua simu. Niliwatambua bila kuwajua. Hao ndio elfu tisini wangu.

Mwanasha akatoka jikoni. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimwandika, nikamwangamiza, na sikujua hata kama ni mrefu au mfupi. Ni mfupi. Alikuwa amejitanda leso safi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kukasirika.

Nabwire akasema, "Mama, huyu ndiye mzee Cleophas."

Mzee, ambaye bado aliamini amekuja kuhojiwa, akavua kofia na kunyoosha mkono. "Salaam alaykum, mama. Poleni na kazi. Mko salama hapa nyumbani?"

Mwanasha hakuupokea mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Sema tena," akasema.

Cleophas akashangaa, lakini akarudia salamu.

"Wewe ulinipigia simu," Mwanasha akasema.

Nabwire akaacha kuandika.

"Siku ile ile habari imetoka," Mwanasha aliendelea. Sasa hakuwa akisema na mzee peke yake, alikuwa akisema na baraza zima. "Saa nne asubuhi. Ulisema wewe ni Cleophas, uko na ubao ya posho mill, na hutaandika kitu mpaka unisikie. Ukaniuliza ng'ombe alikufa na nini. Ukaniuliza amezikwa wapi, na yule wa pili alichinjwa na nani. Nilikuwa nalia, ukangoja nimalize. Watu elfu kumi na moja walinitangaza. Mmoja alipiga simu, na ni huyu."

Cleophas akasema ndiyo, alipiga, na aliandika ukweli ukakaa ubaoni wiki mbili. Akaongeza kwa unyonge kwamba wasomaji wake si wengi.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimeomba Mungu asiulize. Aliuliza kwa nini wote wanamtazama hivyo, na mahojiano ni saa ngapi.

Nabwire alisimama hapo, machozi yamejaa. Msichana yule hana uongo ndani yake, basi akasema yote: mikia, makasi, majina saba, na kwamba alimleta mzee akiamini ndiye mwandishi wa habari ya nyamafu. Akapiga goti mbele yake. Cleophas akamwinua, akamwambia amefanya kazi nzuri sana, amekosea hesabu ya mwisho tu.

Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Chrispinus," alisema, "wewe uliniambia ni heshima."

Watu barazani wakaanza kunong'ona. Mwanasha alimwuliza Nabwire orodha yake ilibaki na majina mangapi.

"Mawili, mama."

"La pili ni la nani?"

Nabwire alikuwa ameinamia daftari, na niliona anasoma mstari ambao aliuandika mwenyewe na kuukata mwenyewe siku ya kwanza. Simu za vijana zilikuwa zimeinuliwa zote. Sahani ilikuwa bado mezani, imefunikwa.

Nikapiga hatua moja mbele. Naapa nilikusudia kusema ukweli. Nilikuwa nimefungua mdomo, na jina langu lilikuwa limefika kwenye meno.

"Kuna wa tatu," nikasema. "Hukumweka kwenye orodha, Nabwire. Ni Oliver, mkuu wa idara."

Nikasikia sauti yangu ikiendelea, tamu, ya darasani. Nikaeleza kwamba Oliver nilimfundisha mimi, na somo la mkia nilimfundisha. Nikaeleza kwamba kila wiki huusifu ukurasa huo mbele ya wanafunzi, na kwamba mtu hasifu hivyo kitu kisicho chake. Yote yalikuwa kweli, kasoro lile moja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mtu mmoja nyuma akasema alikuwa akimshuku siku nyingi, na huyo hajawahi kumwona Oliver.

Niliwadharau wakati huo kuliko wakati wowote. Walikuwa wamekula uongo wangu wa kwanza, wakaharibu nyumba ya mwanamke, na sasa wanakula wa pili mbele ya sahani ile ile. Na mimi ndiye niliyekuwa nikipakua.

Cleophas peke yake hakutikisa kichwa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia magotini, anatazama chini.

Mwanasha naye alikuwa akinitazama. Alinitazama muda mrefu, kisha akamwuliza Nabwire kama ana namba ya huyo Oliver.

Nabwire akasema anayo.

"Basi tumpigie. Mimi sitamfanyia mtoto wa mwenzangu kitu nilifanyiwa."

Simu ikawekwa mezani kando ya sahani, sauti imefunguliwa wote wasikie. Iliita mara tatu. Niliomba isishikwe. Oliver, ambaye hajawahi kushika simu yangu hata mara moja tangu awe mkuu, akashika.

"Nabwire, niambie," alisema.

Mwanasha akainamia simu. "Salaam alaykum, mwanangu. Mimi ni Mwanasha wa Mumias, yule wa nyamafu. Niko hapa na mwalimu Chrispinus mbele ya watu. Anasema ni wewe uliandika."

"Chrispinus amesema hivyo?" Oliver akauliza polepole. "Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mama, tafadhali, mpe simu."

Mwanasha akaiokota mezani, akaifuta mvuke wa nyama kwa pembe ya leso yake, akaninyooshea mkono.